Kaburi Tulilokatazwa Kupaka Chokaa

Tumbawe linapochomwa hunuka pwani nzima, harufu ya chumvi iliyoungua pamoja na kuni za mikoko, na harufu hiyo hushika kwenye nywele na kanga hata ufue mara ngapi. Kisiwani kwetu Chula, kusini ya Kismayu, ndiyo iliyotuambia kwamba Shaabani imeingia na Ramadhani iko mlangoni. Wanaume walirundika matumbawe juu ya magogo, wakawasha, na moto ukayala taratibu mpaka yakawa meupe na mepesi. Baada ya hapo kazi ikawa ya wanawake. Tuliyamwagia maji, nayo yakachemka na kupasuka yenyewe, mvuke ukatuwasha macho na koo, kisha ukabaki unga laini mweupe. Nyumba zetu za makuti hazikuhitaji chokaa. Ile yote ilikwenda kaburini.

Nyuma ya kijiji ulikuwapo mji wa kale wa mawe, umemezwa nusu na mchanga. Palibaki kuta zisizo na mapaa, kibla cha msikiti kilichosimama peke yake, na kisima kikavu ambacho mama zetu walitukataza hata kukichungulia. Mchanga ulihama kila upepo ulipogeuka, ukifukia mlango huu na kufukua ule, na ukisimama katikati pale usingeona bahari. Ungedhani umepotelea jangwani. Katikati ya magofu hayo ndipo lilipokuwa kaburi letu, lenye mnara mrefu kupita nyumba, na kwenye shingo ya mnara zimepachikwa bakuli za kaure, nyeupe zenye maua ya buluu. Leo watu wanapanda boti kutoka Kismayu kuja kulipiga picha. Mimi nilipokuwa na miaka tisa sikuwahi kulitazama kama kitu cha kutazamwa. Lilikuwa kazi, kama mtungi unaotakiwa kusuguliwa.

Mkuu wa kazi hiyo alikuwa bibi yangu, mama yake baba, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali na mikono iliyochubuliwa na chokaa. Aliyelala mle ndani alikuwa mama wa ukoo wetu, na sisi watoto tulimwita Mwana Mkuu tu, kwa sababu jina lake la kweli halikutajwa ovyo. Majina ya wazee wa kike wa ukoo yalirithiwa na wanawake, kizazi hadi kizazi, na yalitolewa pale kaburini tu, siku ya kupaka. Msichana alipewa sehemu yake ya ukuta na ufagio wa kumbi za nazi. Akimaliza kuipaka vizuri, bibi yake alimnong'oneza jina moja, la kizazi cha juu kidogo kuliko la mwaka uliopita. Ukipaka vibaya, unasubiri mwaka mwingine. Jina la Mwana Mkuu mwenyewe alilishika mkuu wa kazi peke yake, nalo lilikuja mwisho kabisa, ukishakuwa mtu mzima wa kuweza kuisimamia kazi nzima. Bibi alizaa wanaume watupu, na mama yangu aliolewa kutoka kisiwa cha Kudhaa, ana makaburi yake ya kwao. Kwa hiyo wa kulipokea jina hilo nilikuwa mimi peke yangu. Nilishapewa Mwana Esha, Mwana Mize na Mwana Hawa, na mwaka ule nilipaka kwa bidii mpaka mabega yakaniuma, kwa uchu wa jina la nne.

Jina hilo nililipata: Mwana Khamisa. Bado lilikuwa na joto la pumzi ya bibi sikioni mwangu pale walipotokea wageni. Walikuwa bwana mmoja wa serikali kutoka mjini, viatu mkononi kwa sababu ya mchanga, na wazungu wawili wenye kamera. Wazungu walilishangaa kaburi kwa adabu, siwalaumu. Mmoja alituashiria tusogee, na tukasogea, maana tulidhani tunamzibia mwanga. Baadaye nilielewa kwamba alitaka picha isiyo na watu. Yule bwana ndiye aliyeugusa ukuta, akaitazama chokaa mbichi kwenye vidole vyake, akageuka kwa hasira.

"Nani amewaruhusu kupaka hapa?" aliuliza.

"Hili kaburi la mchu wechu," bibi alimjibu kwa lahaja yetu, inayosema "chu" penye "tu". "Ruhusa chuombe kwa nani?"

Bwana akasema kwamba kuanzia siku ile pale ni mahali pa historia, pana thamani kwa taifa zima, na kwamba chokaa yetu inaharibu kazi ya wajenzi wa kale. Watakuja wataalamu kulitunza inavyotakiwa. Bibi akamuuliza, bila kupandisha sauti, mvua ikipenya kwenye mawe kabla wataalamu hawajafika, nani ataizuia. Bwana akamwambia hayo si mambo ya wanawake. Kisha akaamuru madebe yetu yamwagwe, na tukayamwaga wenyewe, mchangani, huku akitusimamia. Nimeishi na hasira nyingi katika maisha haya, nyingine nimezisamehe na nyingine nimezisahau, lakini ile chokaa inayonyonywa na mchanga mbele ya macho ya bibi yangu bado inanichemsha damu nikiwa natwanga vitunguu jikoni kwangu Mombasa.

Wataalamu hawakuja. Mvua zilikuja, tena kwa wakati wake, na mnara ukaanza kuota ukungu mweusi na kupasuka, na bakuli moja ikaanguka. Shaabani iliyofuata nilimwendea bibi nikamwomba jina la tano. Akakataa. Alisema hajapaka, na asiyepaka hatoi. Nilimchukia siku ile, na nitasema kweli, kidogo hasira hiyo ninayo mpaka leo. Alikuwa mtu wa kushika utaratibu hata utaratibu ukimkaba koo. Vita vilipotutoa kisiwani tukaishia kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kenya, chini ya maturubai, nikamwomba tena, kwa machozi. Akaniambia, "Si hapa, mwanangu. Chukirudi, chutapaka, nitakupa." Hatukurudi. Homa ilimchukua kambini, na tukamzika kwenye udongo mwekundu ambao haujawahi kuona tumbawe.

Mwaka jana nilirudi Chula na binti yangu. Nilitaka aone. Boti kutoka Kismayu ilijaa vijana waliokulia nje, wenye miwani ya jua na simu, wakicheka, na mimi mwenye kisiwa nikakaa katikati yao kama mmoja wa wageni. Magofu sasa yamezungushiwa kamba. Kuna kibanda kinachouza soda, na kuna mwongozaji wa watalii, mtu wa makamo mwenye sauti nzuri, anayeeleza kwa Kisomali jinsi mji ule ulivyojengwa na watu wa kale waliokuja wakatoweka. Waliotoweka. Kijiji chetu kiko nyuma ya mgongo wake, moshi wa jikoni unapanda, na yeye anasema watu wametoweka. Mbele ya kaburi pamesimamishwa ubao wa bati. Umeandikwa kwamba hili ni kaburi la kale la mnara, na mwenyewe hajulikani.

Nilivuka kamba. Akaniita, "Mama, wageni hawaruhusiwi kupita hapo." Nikamgeukia, na yote niliyoyabana tangu utoto yakanitoka mbele ya wale vijana na simu zao. Nikamwambia mimi si mgeni, kwamba huyu aliyelala hapa ni bibi wa mabibi zangu, kwamba mikono yangu hii imepaka ukuta huu, na kwamba ubao wake ni wa uongo na aung'oe sasa hivi. Nikamtajia Mwana Esha, Mwana Mize, Mwana Hawa, Mwana Khamisa, mmoja baada ya mwingine, nikipanda kizazi kwa kizazi. Binti yangu alinishika mkono. Yule mwongozaji hakukasirika. Alitoa kalamu mfukoni, akanisogelea, akaniuliza kwa heshima kabisa, kama mtu anayetaka kusahihisha kosa.

"Sawa, mama. Huyu mwenye kaburi anaitwa nani?"

Vijana walishusha simu wakasubiri. Binti yangu naye alinitazama, akisubiri. Tungeachwa tupake, jina hilo ningekuwa nalo. Wao ndio waliotumwagisha chokaa, na sasa wanakuja na kalamu kuniuliza mimi.

"Sijui," nilimwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akairudisha kalamu mfukoni, na ubao ukabaki pale pale.