Dobi Aliyeanika Alfajiri

Vitalis alianza udobi Kurasini, Dar es Salaam, jirani na bandari. Huko nguo nyeupe alizianika alfajiri, upepo wa nchi kavu ukiondoka na moshi wa malori kuelekea baharini. Karibu na adhuhuri upepo uligeuka na kuurudisha moshi mjini, lakini yeye alikuwa ameshakunja.

Mazoea hayo alihamia nayo Masaka, pembezoni mwa Kigali, kwenye ua mdogo bondeni. Mteja wake mkubwa ni Mugenzi, mwenye mgahawa mtaa wa Gisimenti, anayempa vitambaa vya meza.

Jumatatu Mugenzi alikunjua kimoja mlangoni.

"Vitalis, nilikupa nyeupe, unaniletea kuku wa madoa!"

"Nimefua mara mbili, bosi."

"Basi fua tatu. Jumamosi iko harusi. Nikiona nukta moja, kazi inaenda kwa wenye mashine."

Vitalis akabadilisha sabuni, akabadilisha maji. Nukta nyeusi zikabaki. Ijumaa alfajiri alikuwa anaanika tena, jirani yake Uwineza akapita na jembe, akipanda mlima kwenda kwenye shamba lake la maharage.

"Mzee wa bahari, unaanika ndani ya jiko?"

"Saa hizi hewa ni safi, mama."

"Kwenu. Hapa moshi ya jana iko imelala bado."

Vitalis akanusa. Weupe uliojaa bondeni, ambao miezi yote aliuita ukungu, ulinuka mkaa. Usiku ubaridi hushuka kutoka vilimani na kutulia chini pamoja na moshi wa majiko na magari. Pa kutokea hapana.

Akaanua vyote, akafua upya, akavipandisha mlimani, shambani kwa Uwineza. Saa nne jua lilipasha mteremko na majani ya maharage yakaanza kucheza. Akashika kamba.

"Bado," Uwineza akasema. "Upepo inapandisha moshi. Acha ipite kwanza."

Simu ya Mugenzi iliita mara mbili. Vitalis hakupokea. Alianika saa sita, akapiga pasi saa tisa, akafika Gisimenti jua likizama.

Mugenzi alikunjua kitambaa cha kwanza, cha pili, cha tano, akavigeuza kwenye mwanga.

"Umechelewa."

"Ndiyo, bosi. Na kuanzia leo nitaleta jioni tu. Asubuhi siwezi."

"Yewe! Dobi ananipangia saa!" Mugenzi akacheka, akamsukumia kwa mguu furushi la vitambaa vichafu.