Msalaba wa Bomba

Harufu ya rangi ya fedha kwa fundi wa kuchomelea hunirudisha migombani kwetu, kwenye kaburi la baba. Msalaba wake ulikuwa wa bomba la chuma lililopakwa zinki ya kuzuia kutu. Pale ulipochomelewa hapakupakwa rangi, kutu ikaanzia hapo. Kila Jumamosi mama aliusugua kwa mchanga na majivu, kama sufuria, mpaka ung'ae.

“Shikamoo, mama. Unaimaliza zinki,” kijana wa jirani alimwambia. “Paka rangi tu.”

“Marahaba. Nipake rangi juu ya uchafu? Huyu ni baba yao!”

Siku moja niliumwaga ule mchanga ili mama aache. Akachota mwingine kijitoni.

Masika moja tulikuta mkono mmoja wa msalaba umelala kwenye nyasi. Mama akauokota, akaupangusa udongo, akaanza kuusugua.