Gauni la Milcah na Wapelelezi Wawili

Loice alikuwa na ndoa ya Ijumaa. Siku nyingine zote alitandika vitanda katika hoteli moja ya West Bay, jijini Doha, na kulala kwenye nyumba za kampuni na wanawake wenzake. Mumewe Jeremiah alikuwa askari wa getini kwenye mnara wa ofisi mtaa huohuo, lakini yeye kampuni ilimpa kitanda upande wa pili wa jiji, kwenye chumba kilichojaa wanaume. Walionana siku hiyo ya mapumziko tu, kanisani Mesaimeer, wakala chapati kivulini, halafu kila mtu akapanda basi la kampuni yake. Na bado ungewasikia wanavyocheka, ungedhani wamejengewa jumba.

Mwaka ule wa 2012 kilichowachekesha ni filamu. Edith, nesi wa kanisani kwao, alikuwa na filamu ya zamani ya Waingereza kwenye laptop yake, ile isiyo na rangi, ya bwana na bibi wanaopeleleza wizi. Jamani, Loice aliipenda! Bibi kavaa kofia yenye unyoya, bwana anavuta kiko, lulu za mama tajiri zimepotea, polisi wanakimbia huku na kule kama kuku, na hao wawili wanakunywa chai na kutaniana. Lulu zenyewe hazikumhusu Loice. Kilichomkuna ni kwamba mtu na mkewe wanafanya kazi moja, chumba kimoja, kutwa nzima.

Jeremiah naye akaanza kuongea kama yule bwana.

"Mke wangu," angesema akinusa bakuli la mtu, "hapa pana jambo."

"Pana pilipili," Loice angemjibu.

Basi ikafika siku ya harusi ya Milcah. Milcah alikuwa yaya kwenye nyumba ya familia moja, na yeye na Loice walikuwa chanda na pete. Yeye na Arnold wake, dereva, walipewa ruhusa siku hiyo moja tu. Ukumbi nao ulikuwa wao mpaka saa nane, kwa sababu pale makanisa hupokezana kumbi: Wakenya wakitoka, Wafilipino wanaingia, awe bibi harusi amesema ndiyo au bado. Gauni lilitoka Kakamega. Mama yake Milcah alilishona mwenyewe, kila shanga kwa mkono wake, maana nauli ya kuja Doha angeitoa wapi? Na lilikabidhiwa nani? Loice.

Loice, kwa mazoea ya kazi, alilifunga kwenye mfuko mpya wa takataka, ule mkubwa mweusi, kwani vumbi la Doha halipenyi mfuko ule. Akauweka mlangoni pa chumba cha nyuma, akakimbia kumsaidia Milcah kutoa rola kichwani. Aliporudi, mfuko haupo.

Wacha wee! Alitazama nyuma ya mlango, chini ya viti, mpaka ndani ya ngoma ya kwaya. Amwambie nini Milcah? Na yule mama wa Kakamega je, aliyeumiza macho kwa zile shanga?

"Mtu asiguse kitu!" Ilikuwa sauti ya Jeremiah, kifua mbele, suti ya kuazima. Mumewe huyo, Mungu amsamehe, alikuwa anafurahi! "Mke wangu, tumepata kesi."

"Kesi utaipata kwangu tusipoliona hilo gauni."

Wakaanza. Walipekua mapipa yote, wakamsumbua fundi wa spika, wakamhoji mzee wa kanisa mpaka akauliza kama ameshtakiwa. Jeremiah alipiga magoti akachunguza sakafu. Loice alikuwa karibu kulia, na hapohapo anataka kucheka, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu wafike Doha walikuwa kazini pamoja.

Emily, aliyekuwa akipanga vikombe vya chai, ndiye aliyekuwa ameona kitu.

"Alipita mwanamume na mfuko mweusi," alisema. "Kaunyoosha mkono mbali kabisa na mwili, kama kabeba nyoka. Sura sikuiona. Lakini alikuwa anawaambia watu, 'Rudi nyuma tafadhali, rudi nyuma.'"

"Mjanja huyo," Jeremiah akatikisa kichwa. "Amejifanya askari."

Loice akamgeukia taratibu.

"Jeremiah. Ulipofika leo, ulifanya nini kwanza?"

"Mimi? Niliwasaidia watu tu. Mpumbavu fulani kaacha mfuko mlangoni, hauna mwenyewe, na kazini tunafundishwa mzigo wa hivyo usiachwe karibu na watu. Nikaupeleka pale geti..."

Akageuka kutazama getini.

"Mpumbavu fulani ni mkeo," Loice akasema, na wakatoka mbio.

Unadhani yamekwisha? Askari wa getini, kijana wa Kinepali, aliukumbatia mfuko akagoma. Si bwana huyuhuyu aliyemwagiza asimpe mtu ila mwenyewe, na mwenyewe aufungue mbele yake? Jeremiah akasihi, akafoka, akasihi tena. Kijana hakutikisika. Ikabidi aitwe Milcah, naye akaja anakatiza maegesho ya magari na leso kifuani, ndala miguuni, shela kichwani, rola mbili bado zinaning'inia. Alipofungua na kuona shanga za mama yake, alilia kama mtoto, kisha akalivaa palepale kwenye kibanda cha askari, Loice akimvuta huku na huku. Wafilipino walikuwa wameshafika ukumbini na magitaa yao.

"Dada Milcah," Jeremiah akasema kutoka nje, kawapa mgongo. "Mwizi ni mimi."

Akaeleza yote, hakujificha hata kidogo. Milcah alisikiliza, mashavu yamelowa.

"Loice, niambie ukweli," akasema. "Wanaume wote wako hivi?"

Loice alichungulia nje. Jeremiah alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono juu, amesimamisha magari yote ili bibi harusi avuke, wala hakuna aliyemtuma. Alimpenda, wacha tu.

"Wako hivi," alijibu. "Na siku wako asipotokea utalia."

"Basi funga zipu."