Shimo la Mama Kavira

Hapa kwetu mimi ndiye ninagombezaka watu: maganda hayatupwi, yanakuwa mbolea. Juzi, kwa jirani yangu Mama Kavira, nikaona shimo kati ya mawe ya volkano, limefunikwa na majani ya migomba. Nikaingiza mukono. Joto kama la mbolea! Nikajiuliza, kumbe huyu alikuwa ananisikiliza? Nikamusaidia: nikamwaga humo ndoo yangu yote, maganda na mavi ya mbuzi.

Leo nikarudi na ndoo ya pili. Nikamukuta mbele ya shimo, analia.

“Ndizi nilizifukia ziive, tutengeneze kasiksi, pombe ya ndizi, ya kunywa siku ya mahari ya mutoto wangu! Ni nani amezimwagia mavi?”

Binti yake akanigeukia.

“Koko, muzee wetu, na iyo ndoo unaipeleka wapi?”