Sindano Iliposhuka

Jumatatu ile ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Gereji yangu ilikuwa Shimanzi, na kila asubuhi niliijia kwa miguu kutoka nyumbani, Mji wa Kale. Mutuku aliniita mbele ya lori lake, gari la zamani lenye pua ndefu. Alikuwa mtu wa bara, dereva wa miaka mingi, akiishi na mdogo wake Kioko nyuma ya yadi yetu.

"Fundi, hili likiwa kwenye foleni ya bandari ya Kilindini lachemka. Likishika barabara, lapoa."

"Kama wewe kaka," Kioko akadakia. "Ukiambiwa ungoje, mvuke watoka masikioni."

Tulicheka. Kisha nikamwelekeza Mutuku polepole, kwa kuwa dereva anayeielewa injini yake haogopi safari. Lori likienda, upepo huingia mbele na kuipoza rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini. Likisimama huku linanguruma, kazi hiyo hubaki kwa feni peke yake. Basi gari likichemka kwa kusimama tu, anza na hewa. Tukakuta mkanda wa feni umelegea, tukaukaza, sindano ya joto ikatulia. Mutuku alifurahi kama aliyefaulu mtihani. Nilipenda kumfundisha. Nikimwambia neno la injini hakuuliza mara mbili, maana sikuwahi kumdanganya.

Alhamisi vita vikaingia mitaani. Vijana wenye mapanga, na wengine wenye bunduki, walikuwa wakisaka watu wa bara nyumba kwa nyumba. Mimi hawakunitaka, lakini aliyewaficha majirani alitendewa kama wao. Nilijua hivyo kwa sababu nilimwona mmoja aliyetendewa.

Kufikia Ijumaa mchana wanawake na watoto wa bara walikuwa wamejaa yadini. Tukawalaza ndani ya lori, tukafunika turubai. Askari walikuwa ng'ambo ya daraja la Makupa. Tulichotaka ni kufika kwao. Asubuhi nilikuwa nimefunga ubao mbele ya rejeta kwa bolti nne, ili mawe yasije yakaipasua. Stata ya kuwashia injini ilikuwa imekufa. Lori la jirani lilituvuta mpaka injini ikawaka, kisha likaondoka na watu wake. Tukizima, hatuwashi tena.

Tulisimama langoni, pua ikitazama barabara. Kioko alikuwa amekwenda kumchukua mkewe, Mwende, aliyekuwa amejificha nyumba ya tatu kutoka kwetu.

"Dakika tano, kaka. Msiniache," alikuwa amemwambia Mutuku.

Dakika tano zikapita. Mutuku akanyoosha kichwa dirishani. "Fundi, sindano yapanda."

Nikafungua boneti. Mkanda ulikuwa umekaza. Feni ilizunguka. Nikagusa paipu ya juu ya rejeta, ikaniunguza. Nikagusa ya chini, ikaniunguza vilevile. Maji yalikuwa yakizunguka, basi, ila joto halikuwa na pa kutokea.

Ubao. Mkono wangu mwenyewe ndio ulioiziba rejeta.

Ilinibidi nitoke nje ya lango na kuipa barabara mgongo.

Bolti ya kwanza. Ya pili.

Risasi ikalia upande wa reli. Spana ikaniponyoka.

Ndani ya turubai mtoto alilia, kisha akazibwa mdomo.

Bolti ya tatu, ya nne. Ubao ukaanguka. Nilisikia hewa ikivutwa na feni kama mtu aliyetolewa majini. Nikageuka, nikawaona vijana mwisho wa barabara. Walikuwa mbali bado, na hawakuwa wakikimbia. Waliingia nyumba moja, wakatoka, wakaingia nyingine.

Nikapanda upande wa abiria.

"Yashuka!" Mutuku alisema. "Umeliponya, fundi. Tumngoje."

Sindano ilikuwa ikishuka kweli.

"Usiiamini," nilimwambia. "Maji yakipungua, kipimo cha joto kilicho ndani hubaki juu ya maji. Sindano hushuka, na huku injini yaungua. Tukingoja, itakwama hapa hapa."

Maneno hayo ni ya kweli kwa injini iliyoishiwa maji. Yetu haikuwa imeishiwa.

Alinitazama. Kisha akatia gia.

Tulivuka Makupa na kila aliyekuwa chini ya turubai. Baadhi ya watoto wale sasa wana watoto wao, na wakiniona huniita baba. Mwende aliokolewa usiku na familia ya mtaani, nao waliomsaidia walikuwa Waislamu kama mimi, wenye hofu kama yangu. Ndiye aliyetueleza kwamba yeye na Kioko walifika langoni wakaukuta ubao chini na moshi wetu ungali hewani. Kioko alimsukuma nyuma ya mapipa, akakimbilia upande wa pili ili wamfuate yeye. Hatukumwona tena.

Kwa miaka mingi Mutuku aliwaambia watu, "Ingekuwa injini ni nzima, tungemngoja ndugu yangu." Nami nilikuwepo, nikanyamaza.

Mwaka jana nilimwambia kwamba injini ilikuwa nzima. Tulikuwa barazani kwangu, kahawa imepoa. Sikujitetea kwa watoto waliopona, ingawa niliwafikiria.

"Injini ingengoja muda gani?" Mutuku aliuliza.

Nilitamani kumpa dakika chache, jambo ambalo angeweza kulibeba.

"Mpaka mafuta yaishe," nikamwambia.