Kaniki kwenye Mikarafuu

Kwa siku tatu, karafuu zikiwa tayari kabisa, hakuna mchumaji aliyekubali kupanda mikarafuu kumi na miwili ya Bi mmoja karibu na Wete. Kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa karani wa kilimo. Mikarafuu ilikuwa ikikauka, nami nikatumwa kukusanya wadudu wakaao kwenye magome. Mtego wenyewe ni rahisi: unakunja gunia, unalizungusha kwenye shina usawa wa kifua, unalifunga kwa kamba ya usumba. Mdudu hutafuta kivuli, huingia humo mwenyewe. Baada ya wiki unafungua juu ya shuka nyeupe.

Msimu ule magunia yote yalikuwa na kazi. Bi akanipa kaniki zake kuukuu, nami, mzaliwa wa Pemba, ninayejua tangu utotoni kwamba kitambaa cheusi mtini ni kago, uganga wa kulinda mazao, na mwizi akigusa huvimba, nikazichana na kuzifunga moja baada ya moja. Nilikuwa nikiwaza wadudu tu.

“Bwana Shamba,” akasema msimamizi wa wachumaji, “kago lako zuri. Basi panda weye.”

“Si kago, mzee. Ni mtego.”

“Wa nani?”

“Wa wadudu.”

Akawageukia wenzake. “Mwasikia? Wadudu siku hizi wavishwa kaniki.”

Bi hakucheka. “Mwanangu, karafuu zikichanua hazina bei. N'kauze maua?”

Nikavua viatu nikapanda. Tawi la pili nilikuta chungu wa maji moto, wale wekundu wasiomwachia mtu, nikashuka haraka kuliko nilivyopanda, shingo imevimba.

“Lamshika mwenyewe,” msimamizi akasema taratibu. Mwaka mzima chungu wale huwang'ata wao bila kago lolote, lakini siku ile hakuna aliyekumbuka.

Wiki ya mitego ilibakiza siku mbili kutimia, lakini sikungoja. Nikafungua mitego mbele yao, nikaweka tandu na mende wangu chupani, wao wakaanza kupanda mti mmoja mmoja, kila mtu akisoma dua yake.

Nilipofika mti wa mwisho, ule wa njiani, Bi akanishika mkono. “Huu uache. Karafuu zake n'mezisamehe.”

“Bi, nataka wadudu wangu.”

“Nami nataka mlinzi wangu.”

Zile za mti ule zikachanua huko huko juu. Msimu huo Bi hakuibiwa hata kikonyo. Mtego wa kumi na mbili sikuufungua, na kilichoingia humo sikijui mpaka leo.