Mshenga Kutoka Kimara

Nilipomaliza chuo nilikaa nyumbani Kimara nikisubiri ajira, na ajira nayo nadhani ilikuwa imekaa mahali ikinisubiri mimi. Jumapili moja kanisani wakatangaza kwamba wanatafuta vijana wa kujitolea kwenda misheni ya muda mfupi mikoani. Ni mwezi mmoja tu, kukaa na vijana wa usharika fulani, kuwafundisha na kuimba nao. Mama yangu aliniandikisha kabla sijanyoosha mkono. Alisema afadhali nikalale kwa watu kwa jina la Bwana kuliko kuendelea kulala kwenye kochi lake kwa jina langu mwenyewe.

Tukapewa mafunzo ya siku chache, fulana yenye maandishi mgongoni, na kila mmoja mada yake. Wenzangu walipata maombi, ujasiriamali, madhara ya dawa za kulevya. Mimi nikapewa uchumba na ndoa. Nilijaribu kumweleza mratibu kwamba katika uchumba nilikuwa na uzoefu wa msichana mmoja tu, naye aliniacha kwa ujumbe wa simu, tena ujumbe wenyewe mfupi. Mratibu akanipigapiga begani. "Roho atakufundisha huko huko," akasema. Nikapangiwa Kinampanda, kule Iramba.

Nilipokelewa na mzee mmoja wa kanisa na mke wake, wakulima ambao watoto wao walishatawanyika mijini. Nilimwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba, nikainama kuchukua begi nikidhani tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza tunaanza. Mkono wangu hakuuachia. Habari za safari? Za huko utokako? Wazazi hawajambo? Wadogo zako? Na ng'ombe je?

"Nyumbani hatuna ng'ombe, mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akanitazama kwa huruma, akamgeukia mumewe na kusema neno kwa Kinyiramba. Mzee akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Jioni ile niliongezewa paja la kuku.

Semina yangu nilikuwa nimeipanga ianze saa tatu asubuhi. Saa tatu ikafika, nikawa mimi na ubao, na mbuzi wa jirani aliyekuwa amelala mlangoni pa kanisa. Ulikuwa msimu wa kuvuna alizeti, na hakuna kijana mwenye akili timamu ambaye angeacha shamba la kwao akaja kusikiliza habari za uchumba jua likiwa linapanda. Mzee mwenyeji wangu alikuja kunichukua, akanipa fimbo, tukaenda shambani kwake kupura. Ukipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, punje zinaruka na vumbi linakuingia hadi kwenye masikio, na ile fulana yangu ya misheni ikabadilika rangi siku hiyo hiyo. Vijana waliokuwa shamba la pili walisimama kunitazama. Mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, piga alizeti, usipige ardhi!" Angalau sasa walikuwa wameshanifahamu.

Tukakubaliana kukutana saa kumi jioni, kabla ya mazoezi ya kwaya. Hapo walijaa. Na mimi, nilipowaona wamejaa, nikapata ujasiri ambao hata mama yangu hajawahi kuuona. Niliwaambia kijana asijifiche vichakani. Niliwaambia mwanamume wa kweli akimpenda binti hutuma watu nyumbani kwao, akapitia mlangoni. Nilichora mlango ubaoni. Walipiga makofi. Binti mmoja wa sauti ya kwanza, ambaye alikuwa na macho ya mtu anayekucheka hata akiwa kimya, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na wewe umeshapitia mlango wa nani?"

Nikasema hilo ni swali zuri sana, tutalijibu kipindi kijacho. Kipindi kijacho walinikumbusha wote kwa pamoja.

Sasa kwaya ile ilikuwa na mpiga kinanda, kijana mrefu, mpole, aliyelima shamba lake na la mama yake mjane. Kinanda alikijua. Lakini kila binti yule wa sauti ya kwanza alipoanza kuimba peke yake, vidole vya jamaa vilipotea njia. Vilikuwa vinatoka kwenye wimbo, vinazunguka huko, kisha vinarudi vikihema. Kwaya nzima ilijua sababu. Hakuna aliyesema. Siku moja baada ya mazoezi akanifuata nilipokuwa nakunja nyaya za spika.

"Mwalimu, ulisema mtu atume watu."

"Nilisema."

"Basi nakutuma wewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamweleza kwamba mimi si mtu wa huku, Kinyiramba sijui, sijaoa, na mshenga ni kazi ya mtu mzima. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, kisha akasema kwamba baba yake mdogo, mtu pekee wa ukoo aliyebaki, yuko Itigi kwenye biashara ya asali na hatafika mpaka mwezi ujao, na kwamba tayari kuna mwalimu wa shule ya msingi anayepitapita karibu na nyumba ya yule binti akiwa na pikipiki mpya. Alipotaja pikipiki sauti yake ilikauka.

Nikalipeleka jambo kwa mwenyeji wangu, nikitumaini atalibeba yeye. Mzee alifikiri, akajikuna kidevu.

"Mimi nitakusindikiza," akasema. "Lakini kusema utasema wewe. Baba wa yule binti ni jirani yangu. Tukikataliwa, mimi nitaonana naye kila nikienda kuteka maji. Wewe unapanda basi unaondoka."

Mkewe alicheka hadi akaweka chini ungo aliokuwa akipepetea. Lakini jioni ile ile akaanza kunifundisha. Usiingie na kusema jambo kama unavyosema dukani. Zunguka. Mtaje binti kwa fumbo: sema tumesikia hapa kuna ndama mzuri, nasi tunatafuta ndama. Chakula kikiletwa, usikiguse kabla hujasema lililokuleta, maana ukishashiba utakuwa umelipwa. Na zaidi ya yote, mwanangu, usitaje mada wala semina.

Tulikwenda Jumamosi alasiri. Upepo wa Juni ulikuwa unavuma ule wa kukausha midomo. Nilivaa shati jeupe, la pekee nililokuwa nalo la mikono mirefu. Baba wa binti tulimkuta uani anatia mpini kwenye jembe. Mtu wa kifua kipana, anayejulikana usharika mzima kwa kuwauliza wahubiri maswali baada ya ibada. Tukaamkiana. Nilikuwa nimeshajifunza, sikuharakisha hata kidogo. Tulimaliza safari, afya, mvua zilizopita, mavuno, na tulipofika kwenye ng'ombe mwenyeji wangu akanijibia, akasema wa kwetu hawajambo. Sikujua mzee wa kanisa anaweza kusema uongo kwa uso mkavu namna ile.

Tukakaribishwa ndani. Mara kikaja chakula: ugali wa mtama, mlenda, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Baba akasema, "Karibuni." Nilikuwa sijala tangu asubuhi kwa woga. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nilishtuka mzee mwenyeji wangu ameukanyaga mguu wangu chini ya meza, lakini tonge lilishazama kwenye mlenda, na mlenda, kama unaujua, haukubali kuachwa nusu njia. Nilipolirudisha tonge, uzi mrefu ulinifuata kutoka bakulini ukatua kifuani, juu ya shati jeupe. Baba aliutazama ule uzi, na mimi nikautazama. Nikajifuta, nikaanza.

"Mzee wangu, lengo letu la leo..."

"Ninyi mna lengo," akanikata. "Mimi nina nyumba yangu. Endelea."

Nikakumbuka fumbo. "Tumesikia hapa kwako kuna ndama mzuri. Nasi tuko katika kutafuta ndama."

Baba akashusha pumzi ndefu. "Ndama," akasema. "Mmechelewa. Nimemuuza juzi mnadani."

Hakuna aliyenifundisha sehemu hiyo. Nilimtazama usoni, ulikuwa uso wa mtu anayesema kweli kabisa. Nikawaza, basi, mwenye pikipiki ametuwahi. Nikamwonea huruma mpiga kinanda. Nikasimama, nikasema kwa adabu zangu zote za Kimara, "Basi mzee, tunashukuru kwa muda wako. Tutatafuta mahali pengine."

Nyuma ya ukuta, upande wa jikoni, kicheko kikapasuka. Sauti ya kwanza kabisa, nyembamba na ndefu, kisha mtu akaizima kwa kiganja. Mwenyeji wangu alinishika shati kwa nyuma akanivuta hadi nikakaa. Alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yake yanatikisika. Baba wa binti alijikaza kwa muda, akashindwa, akapiga paja lake akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mahali pengine!" akawa anasema. "Mshenga huyu anatafuta mahali pengine!"

Nilitamani basi la Dar lipite palepale sebuleni.

Alipomaliza kucheka alijifuta macho, na uso wake ukawa mwingine. Akasema, sasa acha ndama. Nieleze kama mtu anavyomweleza mtu. Aliyekutuma ni nani, na wewe unamfahamu nini?

Yale niliyoyaandaa yote yalikuwa yameshanitoka. Nikasema niliyoyaona. Nikamwambia kwamba kijana huyu nilimwona anavuna kwa mama yake kwanza, alizeti yake ikabaki inaliwa na ndege, na aliponiona napiga ardhi badala ya alizeti hakucheka, alivuka akaja kunionyesha. Nikasema si mtu wa maneno mengi. Nikasema anapiga kinanda vizuri, ila binti yako akisimama kuimba, anakosea.

"Hilo la kinanda nimelisikia mwenyewe kanisani," baba akasema taratibu. "Siku zote nilidhani ni betri."

Akamwita binti yake. Alikuja akapiga goti, kanga kichwani, macho chini, mpole kana kwamba si yeye aliyekuwa anacheka. Baba akamwuliza kama anatufahamu.

"Huyu mgeni namfahamu," akasema. "Ndiye anayefundisha uchumba."

"Na aliyewatuma?"

Nilimwona anauma mdomo wa chini, na safari hii hakuwa anazuia kicheko.

"Namfahamu, baba. Waambie waje na wazee wake."

Basi. Baba akatuelekeza kwamba mazungumzo yenyewe yatafanywa na huyo baba mdogo wa Itigi akishafika, maana mambo ya mifugo hayazungumzwi na mtu asiye na mifugo. Kumbe alishajua. Kisha akasogeza ugali mbele yangu. "Kula sasa, mwalimu. Ulishaanza."

Mpiga kinanda alikuwa anatusubiri njiani, amekaa juu ya jiwe kubwa ameshika kofia. Alipotuona alisimama, lakini hakuuliza. Mzee mwenyeji wangu akampita bila neno, akijifanya amekasirika, akaenda hatua kadhaa kisha akageuka na kusema, "Kesho ukikosea tena noti, tutawaambia watu ni betri." Kijana hakuelewa maana yake. Ila aliuona uso wa mzee, akanikumbatia, akanikaza mpaka mbavu zikauma. Nilihisi moyo wake unavyokwenda. Sikuwahi kufanya kazi yoyote ya maana kiasi kile, na nilikuwa nimeifanya vibaya namna ile.

Siku zilizobaki semina ilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Hawakuja kwa ajili ya mada. Walitaka nisimulie tena nilivyosimama kutafuta mahali pengine, na kila mtu alikuwa na lake la kuongeza: shangazi yangu alijibiwa hivi, kaka yangu mshenga wake alilewa njiani. Wakabishana, wakanifundisha, wakauliza maswali ya kweli, kuhusu mahari, kuhusu binti anayelazimishwa, kuhusu mtu aliyempenda mtu wa dini nyingine. Mengine sikuwa na jibu, nikasema sina. Hapo ndipo waliponyamaza na kunisikiliza vizuri zaidi.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno ya mwaka uliofuata. Nilikwenda, kwa nauli yangu, maana wakati huo nilishapata kazi ndogo ya kufundisha. Baba mdogo wa Itigi alileta ndoo ya asali na maneno mengi. Kinanda alipiga mtu mwingine, na bwana harusi alikaa mbele mikono magotini, hana mahali pa kuipoteza.

Wakati wa chakula upepo ulilishika turubai ukataka kuondoka nalo. Watu wakakimbilia kamba. Nilijikuta upande mmoja na baba wa bibi harusi, tumening'inia kwenye kamba moja, yeye na suti yake ya rangi ya kaki na mimi na tai.

"Mwaka huu umekuja kutufundisha nini?" akaniuliza, anahema.

"Nimekuja kula tu, mzee."

"Vuta, basi," akasema. "Mtu hali chini ya turubai lililolala."

Nikavuta. Kwaya iliendelea kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea, na mama mwenyeji wangu alikuwa anafunika masufuria ya pilau kwa kanga zake, akiwafokea vijana walete mawe ya kukandamizia.